Kumwomba Mgeni Avue Viatu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo, lakini laweza kuvunja urafiki: kumwomba mgeni avue viatu ili sakafu ya mbao isiharibike.

Sisi wa Ufipa twaijua baridi. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai sakafu ya saruji huuma nyayo kama maji ya mtoni. Ubao hauondoi joto la mguu upesi hivyo; kwa hiyo aliyejaliwa sakafu ya mbao hushukuru. Lakini mbao si kitu rahisi kwetu. Sehemu kubwa ya uwanda wetu wa juu ni nyasi, si msitu. Na mninga, ulio mti mzuri wa kazi hii, huota katika miombo. Ubao ukiharibika, kupata mwingine ni gharama.

Nao huharibikaje? Mvua zinaponyesha, tangu Novemba hata Aprili, udongo hushika viatu. Matope yakikauka huwa mchanga, na mchanga ukikanyagwa husugua ubao kama msasa, ukaondoa nta iukingayo. Ndipo maji hupenya, ubao ukavimba. Kiangazi hunywea, nyufa zikatokea. Kisigino chembamba nacho huacha shimo, maana uzito wote wa mtu hukaa mahali padogo. Sakafu ya saruji twaweza kuimwagia maji na kuifagia. Ya mbao hatuwezi.

Basi kumwomba mgeni avue viatu si kosa, wala si desturi ngeni. Unguja na pwani watu huacha viatu mlangoni, na msikitini kila mtu huvua. Hata jina la mji wetu, wengi hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mji wenyewe wamwambia aingiaye aache kitu nje, wala haumfukuzi.

Lakini fikirini mzee aliyepanda mlima kwa miguu kutoka Muze, katika bonde la Rukwa. Afika mlangoni amechoka, na mtoto wa nyumba apaza sauti, "Vua viatu, unachafua!" Soksi za mzee zimetoboka. Atazama miguu yake, kisha asema, "Nilikuwa napita tu." Arudi na haja iliyomleta, nasi hatutaijua kamwe. Sakafu yang'aa, lakini nyumba imepata hasara.

Kwa hiyo yatupasa kutengeneza mlango kabla ya kutengeneza maneno. Tuweke gunia la kufutia matope, kigoda cha kukalia mtu afunguapo kamba za viatu, na ndara safi. Wakati wa baridi jambo hili la ndara lisisahauliwe. Viatu vyetu wenyewe viwe vimepangwa hapo, mgeni avione. Kisha, baada ya salamu, wala si kabla yake, mwenye nyumba mwenyewe aseme kwa upole: "Shikamoo, babu. Karibu sana. Mbao zetu hizi hazistahimili matope. Twaomba tukuwekee viatu hapa, nawe uvae ndara hizi." Sababu iliyotajwa ni udhaifu wa mbao, si uchafu wa mgeni, basi hakuna aliyelaumiwa. Watoto nao wafundishwe maneno hayo hayo.

Tena wako watu ambao tusiwaombe kabisa: mgonjwa, mzee aumwaye mgongo asiyeweza kuinama, na mtu aliyeleta habari ya msiba. Hao tuwatandikie mkeka wapite, na matope tutayafuta baadaye kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu.

Ubao uliokwaruzwa fundi aweza kuupiga randa na kuupaka nta upya. Mtu aliyeaibishwa mlangoni petu hana fundi. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi hatutapona ikiwa mgeni ameishia kizingitini. Tulinde mbao zetu kwa bidii, lakini tumlinde kwanza yeye ajaye kuzikanyaga.

Kwaherini.