Picha Nayo ni Ushahidi

KHUTBA YA KWANZA

Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kutokana na baba mmoja na mama mmoja, kisha akawapa rangi mbalimbali na ndimi mbalimbali ili wauzingatie uwezo Wake. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga Kwake na shari za nafsi zetu. Nashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu peke Yake, na nashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyeufuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, pamoja na kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, katika lile tulisemalo na katika lile tulitazamalo.

Ndugu zangu Waislamu, mliopo msikitini na mnaosikiliza majumbani. Imepokewa katika Hadithi sahihi ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatajia Masahaba zake madhambi makubwa kupita yote. Akataja kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kuwaasi wazazi, naye ameegemea. Kisha akakaa kitako, akataja ushahidi wa uwongo, akalikariri neno hilo mara kwa mara mpaka Masahaba wakatamani lau angenyamaza, kwa kumwonea huruma. Dhambi mbili alizitaja ameegemea. Ya tatu akaikalia kitako. Hapana shaka alijua jinsi watu wanavyoichukulia kuwa ni nyepesi.

Leo nataka tuizungumze shahada ya uwongo isiyotolewa mbele ya kadhi, bali hutolewa kwa picha: katika sinema na katika michezo ya kuigiza ya televisheni.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri niliwakuta watoto wa chuo wakicheza nje ya msikiti. Walikuwa wakiigiza filamu waliyoiona. Kila mmoja alitaka kuwa shujaa, na hapana aliyetaka kuwa muuaji. Mwishowe wakakubaliana ya kwamba muuaji awe yule aliyevaa kanzu na kujitanda shali, kwa kuwa, walisema, ndivyo anavyovaa. Mtoto yule hakubisha. Aliivua kanzu yake, akaikunja, akaiweka juu ya ukuta, akabaki na suruali ili naye apate kuwa shujaa. Watoto hao wote ni Waislamu, wana wa Waislamu. Ni nani aliyewafundisha ya kwamba vazi la baba zao ndilo vazi la muuaji? Hapana mwalimu aliyewaambia hivyo. Waliliona kwa macho yao, mara nyingi, wakalisadiki.

Basi hebu tutazame jinsi jambo hili linavyotengenezwa. Mwezi wa Juni mwaka 1975, nchini Marekani, ilitolewa filamu iitwayo Jaws, ya papa mla watu, iliyoongozwa na Steven Spielberg. Kabla ya hapo ilikuwa desturi filamu nyingi kubwa zianze katika majumba machache ya miji mikuu, kisha zienee polepole kwa sifa za watazamaji. Filamu hii ilifunguliwa siku moja katika majumba zaidi ya 400, na siku chache kabla yake zilitumika takriban dola 700,000 kuitangaza katika televisheni nyakati za usiku, watu walipokuwa wamekaa na jamaa zao. Mwaka 1977 ikafuata Star Wars, ambayo vinyago na nguo zenye alama zake viliingiza mabilioni ya dola katika miaka iliyofuata. Tangu hapo njia ikajulikana: tumia fedha nyingi kutengeneza, tumia fedha nyingine nyingi kutangaza, fungua mahali pote kwa siku moja, na rudisha mali yako kabla watu hawajapata kuulizana kama filamu ni njema au mbovu. Mwaka 2019 filamu ya Avengers: Endgame ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.2 duniani katika siku zake chache za mwanzo.

Enyi Waislamu! Si kila kilicho ghali ni kiovu, wala biashara si haramu. Lakini zingatieni: mtu aliyeweka mali nyingi kiasi hicho huwa na khofu, na mwenye khofu hapendi kumwambia mnunuzi jambo asilolijua. Humpa lile alilokwisha kulizoea. Adui mpya huhitaji kuelezwa: ametoka wapi, ana kisa gani, kwa nini ameghadhibika. Adui aliyekwisha kuzoeleka hahitaji maneno. Humwekea kilemba, ndevu na bunduki, na mtazamaji wa kila nchi amekwisha kufahamu. Kwa njia hiyo kabila zima la watu hugeuzwa kuwa kifupisho cha hadithi, ili kuokoa dakika chache na fedha kidogo.

Mwaka 1992 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya watoto, Aladdin. Katika wimbo wake wa mwanzo nchi ya Waarabu ilielezwa kuwa ni mahali ambapo mtu hukatwa sikio kwa kuchukiwa sura yake tu. Waarabu wa Marekani walipinga, na mwaka 1993, ilipotolewa kwa ajili ya kutazamwa majumbani, maneno ya sikio yakabadilishwa. Lakini neno la kuiita nchi hiyo ya kishenzi likaachwa pale pale. Halikuondolewa mpaka filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, na safari hii Aladdin mwenyewe akaigizwa na kijana mzaliwa wa Misri. Kati ya 1992 na 2019 ni miaka 27. Mtoto aliyeusikia wimbo ule akiwa na miaka mitano alikwisha kuwa mtu mzima.

Yuko mtu aliyeishughulikia shahada hii kwa muda mrefu. Jina lake Jack Shaheen, profesa wa Marekani, aliyefariki mwaka 2017. Alitazama filamu zaidi ya 900 zilizomtaja Mwarabu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 akaonyesha ya kwamba katika idadi kubwa mno ya filamu hizo Mwarabu ni muuaji, au tajiri mpumbavu, au mwenye tamaa ya wanawake. Zilizomwonyesha kwa wema zilikuwa chache sana. Kabla ya hapo, mwaka 1984, alikuwa amekwisha kuandika juu ya televisheni peke yake. Na mjue ya kwamba mtu huyu hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo mwenye asili ya Lebanon. Alisimama kuitetea heshima ya majirani zake kwa sababu aliona wamesingiziwa. Tulikumbuke hilo, kwa maana tutalirejea.

Ama michezo ya televisheni, athari yake ni kubwa zaidi, kwani sinema huendewa, na televisheni huingia nyumbani kila usiku. Inaweza kuleta kheri: mwezi wa Januari mwaka 1977 televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha mchezo wa Roots kwa mausiku manane mfululizo, wenye kisa cha Kunta Kinte, kijana wa Kimandinka kutoka Gambia, aliyelelewa katika Uislamu kisha akauzwa utumwani. Mamilioni ya Wamarekani walimwona mtumwa, pengine kwa mara ya kwanza, kuwa ni mtu mwenye baba, mwenye jina na mwenye dini. Lakini tazameni na upande wa pili. Mwaka 2015 watengenezaji wa mchezo wa Homeland waliwaajiri wasanii watatu mjini Berlin waandike maneno ya Kiarabu katika kuta za kambi ya kuigiza ya wakimbizi wa Kisyria. Wasanii wakaandika kwa Kiarabu ya kwamba mchezo huo ni wa kibaguzi. Maneno yakapigwa picha, yakaonyeshwa, na katika watengenezaji hapana aliyetambua. Watu waliokuwa wakiusimulia ulimwengu habari za Waarabu hawakuwa na hata mmoja wa kuwasomea ukuta.

Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Southern California uliotolewa mwaka 2022, ilihesabiwa michezo ya televisheni 200 iliyopendwa, ya mwaka 2018 na 2019, kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Katika wahusika wasemao karibu 9,000, Waislamu walikuwa kama mmoja tu katika kila mia. Na hao wachache, karibu theluthi yao walionyeshwa wakifanya mashambulizi. Mtu asiyeonekana ila akiwa na silaha mkononi, jirani yake atamjuaje?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat ya kwamba akitujia mpotovu na habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Amri hii haikuhusu habari ya mdomo tu. Picha nayo ni habari, na mwenye kuileta ana mali anayoitafuta. Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu kwa neema Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Pengine mpaka hapa kila mmoja wetu ameridhika, kwa kuwa tumesema makosa ya watu walio mbali. Sasa tujitazame wenyewe.

Watoto wale wale niliowakuta wakicheza, wiki iliyofuata niliwaona wakimzunguka mlinzi wa msikiti, mzee wa kabila la bara, wakimwigiza lafudhi yake kama walivyoisikia katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni. Mzee alitabasamu, akainama kufunga kamba za viatu vyake. Nasi watu wazima tuliokuwa barazani tukacheka. Na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani nikakumbuka ile kanzu iliyokunjwa juu ya ukuta, nikaona haya mbele ya Mola wangu.

Mara ngapi katika michezo yetu ya redio na televisheni, hapa Afrika Mashariki, mlinzi lazima awe wa kabila fulani, mwenye duka mchoyo awe Mhindi, mganga mdanganyifu atoke pwani, na Msomali asiaminike? Hatuna mamilioni ya dola, lakini tunatumia kifupisho kile kile, kwa sababu ile ile: kicheko cha haraka. Na katika sura ile ile ya Al-Hujurat, Mwenyezi Mungu amewakataza wanaume kuwadharau wanaume na wanawake kuwadharau wanawake, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau.

Abu Dharri (R.A.) alikuwa miongoni mwa wabora wa Masahaba. Siku moja aligombana na mtu, akamtahayarisha kwa kumtajia mama yake asiyekuwa Mwarabu. Mtume (S.A.W.) akamwambia ya kwamba bado ndani yake mna ujahilia. Ikiwa Abu Dharri aliambiwa hivyo kwa neno moja, tutaambiwa nini sisi tunaokusanya watoto wetu kila jioni kulicheka neno hilo?

Tena tusijidanganye ya kwamba jina la Uislamu huchafuliwa na wageni peke yao. Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, alitengeneza mwaka 1976 filamu ya kuueleza mwanzo wa Uislamu, moja kwa Kiarabu na moja kwa Kiingereza, bila ya kumwonyesha Mtume. Wanavyuoni walikhitilafiana juu yake, nami siingii katika khitilafu hiyo. Lakini mwezi wa Novemba mwaka 2005 mtu huyu na binti yake waliuawa mjini Amman, kwa mabomu yaliyolipuliwa mahotelini na watu wanaodai kuipigania dini. Ushahidi wa uwongo juu ya Uislamu haukuandikwa Hollywood tu. Wengine wanauandika kwa damu, nao wanajiita ndugu zetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, enyi wazazi, msiwaachie watoto televisheni kama mwachiavyo yaya. Kaeni nao. Waulizeni: mtu huyu mbaya, kwa nini wamemvika hivi? Je, unamjua mtu wa kabila lake? Yukoje? Maswali mawili matatu yatavunja uchawi wa filamu ya mamilioni. Pili, msiutolee fedha uwongo wala msiuchekee, uwe juu yetu au juu ya wengine. Wanaouza huangalia kinachonunuliwa. Tatu, anayeona dhulma aseme, kwa hoja na adabu, kama walivyofanya wale waliolalamikia wimbo. Hawakuchoma jumba la sinema, na neno likabadilika, japokuwa kidogo kidogo. Nne, enyi wanafunzi, jifunzeni kazi hizi: kuandika, kupiga picha, kuongoza. Kuta zenu zisisomwe na wasiojua kusoma. Lakini atakayeishika kamera aogope, kwani ameshika kalamu ya shahidi.

Na mizani ya yote ni lile aliloliamrisha Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, ya kwamba chuki yetu juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Mkristo yule wa Marekani alitutolea ushahidi wa kweli na sisi si watu wa dini yake. Itakuwa aibu iliyoje kwetu tushindwe kumtolea ushahidi wa kweli mzee anayetulindia msikiti!

Ewe Mola wetu! Tusafishie macho yetu na khiana, na ndimi zetu na dharau. Ewe Mola wetu! Walinde watoto wetu wasiionee haya dini yao, wala wasimwonee jirani yao. Tujaalie tuwe mashahidi wa haki, ijapokuwa juu ya nafsi zetu. Wasamehe wazazi wetu na Waislamu wote, waume kwa wake, walio hai na waliokufa. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu, naye atakukumbukeni. Simamisheni Sala.