Kibarua na Ulimi

Mwaka 1964 mwalimu Marvin Pickering wa Illinois, Marekani, aliandika barua gazetini akiilaumu bodi ya elimu kwa kuelekeza fedha kwenye michezo ya shule. Akafukuzwa. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ikampa haki.

Mwaka 2017 Juli Briskman, akiendesha baiskeli siku ya Jumamosi, aliuonyesha msafara wa Rais Trump kidole cha matusi. Kibarua kikaota nyasi. Tofauti na Pickering, mwalimu wa shule ya umma, yeye alikuwa wa kampuni binafsi, na katika uhuru wa kusema katiba ya Marekani huifunga serikali, si tajiri.

Anayechochea vurugu au kutoa siri za kazi awajibishwe. Lakini mshahara hununua saa za kazi, haununui ulimi. Sheria iseme hivyo waziwazi.