Mkaguzi wa Kweli Haondoki na Fedha za Chama

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme juu ya watu wanaojitwalia vyeo visivyo vyao ili wapate kuchota fedha za wanachama. Jambo hili halikuanza na simu. Mwezi Oktoba mwaka 1906, fundi viatu mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Voigt, aliyekwisha kufungwa miaka mingi kwa wizi na kughushi, alijipatia sare kuukuu ya kapteni wa jeshi, akaivaa, akawasimamisha askari waliokuwa njiani na kuwaamuru wamfuate hadi mji wa Köpenick, karibu na Berlin. Huko alimkamata meya, akachukua fedha za hazina ya mji, zaidi ya mark 3,500, na stakabadhi akaitia sahihi kwa jina lisilo lake. Askari wale hawakumjua mtu, waliijua sare.

Kisa hiki huchekesha, lakini kitazameni kwa jicho la mweka hazina. Aliyezitoa fedha zile hakuwa mwizi, alikuwa mtumishi mtii. Utii huohuo ndio tunaoufundisha vyamani: mkaguzi akifika, fungua vitabu, fungua kasiki. Tena ni haki yake kufika bila taarifa, maana hesabu ya fedha taslimu iliyotangazwa mapema haina faida. Hapo ndipo laghai anapopata mlango.

Basi zingatieni tofauti. Mkaguzi wa kweli huja na barua ya kumtambulisha. Huzihesabu fedha mbele ya mtunzaji mwenyewe, huzilinganisha na daftari la fedha, wote wawili hutia sahihi, kisha fedha hurudi kasikini palepale. Haondoki na senti moja. Akikuta upungufu huuandikia taarifa, hautozi. Mtu asemaye kwamba upungufu waweza “kumalizwa hapa hapa” ama ni laghai, ama ni mkaguzi aliyepotoka, na kwa mwanachama hasara ni ileile.

Kabla ya kufungua chochote, pigeni simu Chama Kikuu au kwa Ofisa Ushirika wa wilaya, kwa namba iliyomo katika kumbukumbu zenu. Namba iliyoandikwa kwenye barua aliyoileta mgeni msiitumie, kwa kuwa atakayeijibu huenda akawa mwenzake. Wapo waonao haya kumweka benchini mgeni mwenye cheo. Mimi huketi kwenye benchi hilo kwa furaha, na chama kilichonisubirisha hukiamini kuliko kile kilichonikimbilia na soda.

Siku hizi mwenye sare haonekani, husikika tu simuni, hasa majira ya malipo ya mazao. Ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” umezoeleka nchini, na wengi huucheka. Lakini hutumwa kwa watu wengi ili umpate yule mmoja ambaye saa hiyo kweli alikuwa na hela ya kutuma. Kwa chama, laghai hujiita mhasibu wa Chama Kikuu au mtumishi wa benki, hutaja jina la mwenyekiti wenu (jina lililobandikwa ubaoni kwa kila mpita njia), husema malipo ya wakulima yamekwama, na kutaka namba ya siri, au “ada” itumwe kabla ya saa kumi. Haraka hiyo ndiyo sare yake. Jina litokealo kwenye simu nalo si ushahidi, maana laini yaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Bonyezeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyenu wenyewe.

Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, na malipo hayatoki bila sahihi za wahusika wote, hata aliyepiga simu awe nani.

Ikiwa fedha zimekwisha kwenda, pigeni namba 100 ya kampuni ya simu dakika ileile, kabla hazijatolewa kwa wakala. Namba ya laghai ipelekwe TCRA kwa 15040, taarifa ifike polisi, na kamati ikutane iandike mhutasari. Mweka hazina anayeficha kwa aibu, akitumaini kufidia kidogo kidogo kutoka mfukoni mwake, hupoteza saa zile chache ambazo fedha zingeweza kuzuiwa, na siku ya ukaguzi upungufu ule huonekana kuwa wake.