Mnyoo wa Maabara na Vidonge vya Mbagala

Msikilizaji, kama unaishi Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala, huenda unakikumbuka kijiti cha mgawa dawa. Unasimama ubavuni mwake, anatazama kimo chako kimegota alama ipi, ndipo anakuhesabia vidonge vya ivamektini. Anaongeza kimoja cha albendazoli, unameza palepale akikuona. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Hiyo ndiyo kingatiba ya matende na mabusha, maradhi ya minyoo myembamba kama uzi inayoenezwa na mbu, na hapa mjini mbu hao huzaliana kwenye vyoo vya shimo na makaro yetu. Ugawaji ulianzia Mafia mwaka 2000, ukafika Dar es Salaam miaka iliyofuata.

Watu huuliza kwa nini vidonge vilevile kila mwaka. Dawa inafagia minyoo michanga inayotembea kwenye damu usiku. Ile mikubwa inabaki kwenye mishipa ya limfu kwa miaka, ikiendelea kuzaa. Lakini liko swali zito zaidi ambalo silisikii mitaani: katika kurudia huko, hatuiachii uwanja minyoo michache iliyozaliwa na usugu, ikajaza kizazi kinachofuata? Hilo ni swali la urithi, na urithi huchunguzwa kwa kupandisha viumbe na kuhesabu watoto wao.

Mnyoo wa matende hapandishwi kwenye sahani ya maabara, maana maisha yake yanahitaji mtu na mbu. Kwa hiyo watafiti humtumia ndugu yake wa mbali, Caenorhabditis elegans, mnyoo wa milimita moja anayeishi kwenye matunda na majani yanayooza, asiyemdhuru mtu. Aliyemleta kwenye elimu ya urithi ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, mtoto wa fundi viatu asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1974, akiwa Cambridge, alichapisha matokeo ya kupandisha minyoo hiyo, na mwaka 2002 yeye na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel.

Walio wengi katika minyoo hii ni huntha: wana mayai na mbegu zao wenyewe, na mmoja peke yake huzaa watoto wapatao 300. Madume ni wachache mno. Sasa chukua huntha kibonge, yaani aliyerithi ufupi na unene, umweke pamoja na madume ya kawaida kwenye sahani yenye bakteria wa kula. Unawahamisha kwa ncha ya waya mwembamba, jicho likiwa kwenye hadubini, na mkono ukiwa mzito umeshamtoboa. Kwa joto la nyuzi 20, siku tatu nne baadaye watoto wamekua. Ukiona karibu nusu yao ni madume, ujue wamepandana kweli, kwa sababu huntha anayejizalisha mwenyewe ni nadra kutoa dume. Watoto waliozaliwa na madume hayo ya kawaida wote ni wembamba. Mtenge huntha mmoja kati yao, ajizalishe, kisha hesabu wajukuu: robo yao ni vibonge. Unene ulikuwa umejificha tu.

Kwa ufundi huohuo, mwaka 2000 Joseph Dent na wenzake walionyesha kinachotokea kasoro za jeni tatu zikikutana ndani ya mnyoo mmoja. Kasoro mbili zilimpa kinga ndogo dhidi ya ivamektini, au hazikumpa kabisa. Zilipotimia tatu, akahimili dawa kwa kiwango kikubwa. Mkazi wa Mbagala aelewe hivi: usugu unaweza kujijenga kimyakimya, kasoro moja baada ya nyingine, huku dawa ikionekana bado inafanya kazi. Sisemi minyoo ya matende imefika huko. Ila kwa mbuzi na kondoo, minyoo ya tumbo imeshakuwa sugu kwa dawa za familia zote mbili, ya ivamektini na ya albendazoli, katika sehemu nyingi za dunia.

Na vijana wetu? Kidato cha nne wanafundishwa urithi kwa njegere za Mendel zilizochorwa ubaoni. Wanajaza vijisanduku, wanapata tatu kwa moja, na wengi wanamaliza shule bila kuhesabu mtoto hata mmoja wa kiumbe hai. Inaniuma, kwa sababu mitaa wanayotoka ndiyo iliyopangiwa kumeza vidonge hivyo.

Wangeweza kumpandisha mnyoo wa maabara darasani. Joto la Dar ni kikwazo cha kweli, kwani likipita nyuzi 27 mnyoo huyu hazai. Friji dogo lililofungwa kidhibiti joto linatosha. Shule ikifungwa na chakula kikaisha, minyoo michanga huingia katika hali ya kusubiri na kustahimili miezi kadhaa bila kula. Kule Ishaka, magharibi mwa Uganda, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika wamefundishwa utafiti kwa kutumia nzi wa matunda, ambao kuwafuga ni kazi kubwa zaidi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wanao wataalamu wanaoweza kulea minyoo hii na kuigawia shule. Ombi langu kwao, na kwa walimu wa baiolojia wa Mbagala na Tandale, ni kuanza na sahani kumi, hadubini moja na darasa moja la kidato cha tano, muhula ujao.