Wanawake na Shauri la Mji
(Hotuba iliyosomwa Naliendele, Mtwara)



Mwaka 1957 visiwa vyetu vilipopiga kura, wanawake hawakuruhusiwa. Wao walipiga mwaka 1961. Huku bara, Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU tangu 1955. Nani athubutu kusema dini yawazuia? Huko Hudaibiya masahaba walipositasita, Mtume alilifuata shauri la Bibi Ummu Salama: akachinja kwanza yeye, nao wakafuata.

Lakini itazameni mikutano yetu. Mama huimba, hupika, husimama foleni ya kura. Shauri likikatwa, yuko nje ya mlango. Huko ni kutumikishwa, si kushirikishwa.

Enyi kina mama wa Naliendele, msitoe kura mkaacha kiti. Nasi wanaume tuwapishe kabla hatujaombwa.