Hotuba Juu ya Maradhi ya Mishipa ya Fahamu ya Mkono

Iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee, Garsen



Kamati imeombwa mwaka huu isiseme habari za fedha peke yake, bali pia habari za afya; nasi tumechagua maradhi ya mkono. Mtu wa Mto Tana huishi kwa mikono yake. Mwenye mtumbwi hushika kafi na upondo, mkulima hushika jembe, na mfugaji hukama ng'ombe kabla jua halijachomoza. Mkono ukifa ganzi, nyumba nzima hulala njaa.

Yatupasa kwanza kukiri kosa letu. Mwenzetu mmoja, mpiga kafi hodari, alilalamika maumivu ya kisukusuku yaliyoshuka hadi kidole cha mwisho. Tukamwambia ni uchovu wa kafi. Akachuliwa kwa mafuta, akachanjwa chale, na chama kikamchangia fedha za mganga. Ulipokaribia kutimia mwaka, kidole chake cha pete na cha mwisho vilikuwa vimejikunja kama kucha za mwewe. Hospitalini akaambiwa kwamba ni ukoma, na kwamba mshipa umekwisha kuharibika. Dawa ilimponya ukoma, vidole haikuvinyosha. Fedha zile za mganga zingetosha nauli ya kwenda Ngao mara nyingi.

Wengi wetu tulidhani ukoma ni ugonjwa wa ngozi tu. Kumbe kijidudu chake, alichokigundua Hansen, daktari wa Norway, mwaka 1873, huingia pia katika mishipa ya fahamu, hasa ile ipitayo karibu na ngozi. Mmoja wao hupita nyuma ya kisukusuku, upande wa ndani. Ndio ule ambao mtu akijigonga, mkono wote humpiga kama umeme. Mwili unapopigana na kijidudu, mshipa huvimba, na kwa kuwa njia yake ni nyembamba, hujisonga wenyewe. Ukitibiwa mapema waweza kupona. Ukipita miezi sita hali umelegea, ni shida kurudi ulivyokuwa.

Na pengine mshipa huharibika pasipo maumivu yoyote, mgonjwa asijue mpaka sufuria imemchoma naye hakusikia moto. Kwa hiyo mganga wa hospitali hangoji malalamiko. Huupapasa mshipa nyuma ya visukusuku vyote viwili, aone kama mmoja ni mnene au unauma kuliko wa pili. Humfumbisha mgonjwa macho, akamgusa kiganja kwa ncha ya kalamu, na kumwambia aonyeshe alipoguswa. Kisha humwambia atenge kidole cha mwisho mbali na vingine na kukikaza, naye akakisukuma. Kazi hii haihitaji mashine. Yahitaji subira tu.

Hata hivyo, si kila ganzi ni ukoma. Ugonjwa wa sukari huleta ganzi, na mifupa ya shingo pia, na hata kuegemea kisukusuku siku nyingi. Basi mtu asipewe jina la ukoma barazani. Zamani wagonjwa wa pwani walitengwa kule Msambweni, na hofu ya kutengwa ingali inawafanya watu kuficha mabaka yao. Baka lililopauka au jekundu, lisilosikia likiguswa, lipelekwe hospitali upesi.

Matibabu ni ya namna mbili, na tusiyachanganye. Ya kwanza ni ya kumwua kijidudu: rifampisini, dapsoni na klofazimini, zilizopendekezwa pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Mwenye mabaka machache hutumia miezi 6, mwenye mengi miezi 12, wala halipi kitu. Ya pili ni ya kutuliza uvimbe wa mshipa: prednisoloni, ambayo kwa mtu mzima aghalabu huanza kwa miligramu 40 kwa siku, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki 20 hivi. Mkono hupumzishwa katika kitambaa kilichofungwa shingoni. Kabla ya hapo daktari huchunguza kifua kikuu, sukari na minyoo. Na dawa hii haikatizwi ghafula, kwani ni hatari.

Kinachowadanganya watu ni hiki: uvimbe waweza kuja wakati mtu yumo katika kumeza vidonge, au hata baada ya kuvimaliza. Husema dawa imemdhuru, akavitupa mtoni. Sivyo. Arudi hospitali siku ile ile. Kama bado yumo katika vidonge vya ukoma, ataendelea navyo pamoja na prednisoloni.

Aliyekwisha kupotewa na hisia na azungushie kitambaa mpini wa sufuria, na kila jioni aitazame mikono yake kama ina jeraha. Vidole vilivyokunjika navyo vyaweza kusaidiwa kwa upasuaji wa kuhamisha kano, kazi aliyoianza daktari Paul Brand kule Vellore, India, katika miaka ya 1940.

Wiki 20 ni safari nyingi, na mafuriko yakikata barabara ni lazima kukodi mtumbwi. Kamati yaomba sehemu ya mfuko itengwe kwa nauli za wagonjwa wa namna hii, kwenda Ngao au Hola, na mweka hazina asiandike jina la ugonjwa kitabuni. Wako wazee waliopinga, wakisema fedha hizo ni za mazishi. Tutapiga kura leo.

Mwenzetu yule yupo hapa, ameketi safu ya mbele. Ameridhia kwamba baada ya mkutano, yeyote atakaye kujua mshipa upitapo aje aupapase katika kisukusuku chake.