Kesho ya Sikukuu: Vyakula Rahisi vya Kuwalisha Wageni
(Mazungumzo ya Kamati ya Mapishi mbele ya wanachama na wageni waalikwa, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Tanga)

  

Wenzetu waliotutangulia wamesema habari za hisa, mikopo na marejesho. Wamesema vizuri, tumewapigia makofi. Sisi Kamati ya Mapishi tumeambiwa tuseme habari za chungu. Msidhani tumekuja kuwachekesha tu baada ya mahesabu. Katika miaka hii 10 tumeona pesa za akina mama zikipotea kwa njia nyingi, na njia moja pana kuliko zote inapitia jikoni. Njia hiyo ni kesho ya sikukuu.

Siku yenyewe ya Idi, au ya Krismasi kwa wenzetu Wakristo, kila mtu ana mpango wake. Nyama imeshanunuliwa, mchele umeshachaguliwa, bizari imeshatwangwa. Watu wanakula, wanasifu, wanashukuru. Basi inafika kesho yake asubuhi. Wageni wa Korogwe na Handeni bado wamelala sebuleni. Shemeji wa Dar es Salaam anasema basi lake ni keshokutwa. Watoto wanane wanauliza chai iko wapi. Mama mwenye nyumba anafunua sufuria, anakuta ukoko. Hapo ndipo mkono unapoingia kwenye kibindo, na kwenye kibindo hamna pesa ya chakula, mna pesa ya biashara.

Tutawapa kisa kimoja, jina hatulitaji, na mwenyewe ametupa ruhusa. Katika mwaka wa pili wa kikundi, mwenzetu mmoja alichukua mkopo wa kukaanga samaki. Alikuwa na karai lake, mafuta yake, unga wake, na pesa ya kwenda kununua samaki wabichi. Ikaja Idi. Idi mosi alilisha watu vizuri. Idi pili wageni hawakuondoka, wakaongezeka. Akaona aibu kuwapa chai ya rangi. Akatoa ile pesa ya samaki akanunua kuku. Jioni akatumia mafuta ya biashara, na unga nao ukaenda. Idi tatu wageni wakaondoka wakimsifu mpaka njiani. Yeye akabaki na karai tupu.

Marejesho ya kwanza hakuleta, ya pili hakuleta. Mikutano ikamshinda. Tukipita kwake tunaambiwa ametoka, na kanga yake tunaiona pembeni ya mlango. Sisi tulinung'unika sana, tukasema huyu si mwaminifu. Mpaka siku moja bibi mmoja katika kikundi akatuuliza, "Hao kuku wa Idi pili walikula kina nani?" Jamani, tulinyamaza. Maana watano kati yetu tulikuwa pale, tumekaa kwenye mkeka wake, tunakula. Tulikula mkopo wetu wenyewe kisha tukamdai yeye.

Siku ile ndipo ilipoundwa kamati hii. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuifuta aibu. Tuliafikiana kwamba katika nyumba ya mwanachama, kesho ya sikukuu ni siku ya chakula chepesi, na hakuna mwanakikundi atakayemcheka mwenzake kwa kupika mbaazi. Mgeni amekuja kuona uso wa ndugu yake. Nyama alikula jana.

Tena tuseme kweli, wageni wenyewe wamechoka na mafuta. Waangalieni wazee wenye presha na sukari asubuhi ya Idi pili, wanataka uji na kitu chepesi, ila wanaona haya kusema. Kwa hiyo haya tutakayoyataja si vyakula vya kujinyima. Ni vyakula vyetu vya pwani tangu zamani.

Kwanza, pilau lililobaki. Hapa tunaomba mtusikilize sana, kwa sababu tumeshapata somo kwa machungu. Mwaka mmoja pilau lililala usiku kucha ndani ya sufuria, limefunikwa, lipo kwenye joto la jikoni. Asubuhi likapashwa, watoto wakala, kabla ya adhuhuri wote wanatapika. Tulidhani ni kijicho. Si kijicho. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa muda mrefu na uvuguvugu, vijidudu vinazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo ukiipasha moto haiondoki. Kwa hiyo kulipasha sana si dawa.

Dawa ni hii. Watu wakishakula tu, pilau la kubaki lipakue, litandaze kwenye masinia mapana lipoe upesi, na katika muda wa saa moja liingie kwenye friji. Asubuhi lipashe na maji kidogo mpaka mvuke utoke katikati, mara moja tu, na litakalobaki hapo lisirudishwe tena. Huna friji na jirani hana? Basi usililaze. Sahani zitoke jioni ile ile ziende kwa majirani, kama walivyofanya mama zetu. Hujapoteza kitu, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Pilau lililobaki sahani tatu halitoshi watu kumi, lakini likiwekwa katikati pamoja na kachumbari nyingi na ndizi mbivu, linakuwa kionjo, na tumbo linajazwa na chakula kingine. Ndiyo hicho tunachokuja nacho.

Pili, mbaazi za nazi. Hiki ndicho chakula namba moja cha kesho ya sikukuu, kwa sababu kazi yake inafanyika ukiwa umelala. Kilo moja ya mbaazi kavu inatosha watu kumi wa kustaftahi. Usiku wa sikukuu zichague, zioshe, ziloweke kwenye maji mengi. Alfajiri mwaga maji yale, zibandike kwa maji mapya mpaka ziive na kulainika. Chumvi itie mwishoni. Kuna nazi mbili, kubwa kubwa za Pangani. Tui jepesi litangulie pamoja na kitunguu na pilipili mbichi nzima, zichemke. Tui zito liingie mwisho kabisa, moto mdogo, ukoroge taratibu mpaka lichemke kidogo, uepue. Ukiliacha litokote kwa nguvu litakatika.

Za kulia mbaazi ni mahamri au mandazi. Lakini kesho ya sikukuu usijitese kukanda na kuchoma. Tunao wanachama wanaochoma mandazi kila siku. Waagize siku mbili kabla, uwalipe kabisa. Wewe umepumzika, mwenzako amepata biashara, na pesa imebaki humu humu ndani.

Tatu, supu ya mifupa. Siku ya kukata nyama ya pilau, mwambie mwenye bucha akutengee mifupa, ni rahisi kuliko nyama. Usiipike siku hiyo, ihifadhi mibichi kwenye friji. Alfajiri, wakati mbaazi ziko jiko moja, mifupa iko jiko la pili na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Iache ichemke saa mbili au zaidi kwa moto wa kiasi, ukiengua povu na mafuta yanayopanda juu. Karibu na kuepua tumbukiza ndizi mbichi zilizomenywa au viazi vya Lushoto. Kila bakuli lipate ndimu. Mgeni anayekunywa supu hii saa nne asubuhi, hakuulizi habari ya chakula mpaka alasiri.

Nne, mihogo ya nazi kwa chakula cha mchana. Chungu kimoja, jiko moja. Kilo tatu za mihogo zinatosha watu kumi. Nunua ile mitamu kwa mtu unayemfahamu, ionje kipande kidogo kabla ya kupika, na ukiona uchungu usiipike kwa njia hii, maana mihogo michungu ina sumu, haiondoki kwa kuchemshwa tu. Imenye vizuri, ondoa mzizi wa katikati, ikate, ichemshe bila kufunika mpaka iwe laini, kisha maji yale uyamwage. Tia kitunguu, nyanya, chumvi na tui jepesi, mwisho tui zito. Ukiwa na samaki mkavu au papa kidogo, mloweke, mchambue, mrushie humo. Mtu atajilamba vidole. Kazi ya kukuna nazi mpeni kijana wa kiume. Mbuzi wa nazi hana ubaguzi, na tumeona vijana wetu wakikuna vizuri tu wakishazoea.

Jioni tusiseme mengi: ugali, mchicha au matembele, dagaa wa kukaanga kwa kitunguu na ndimu. Matunda yawepo, machungwa ya Muheza yakiwa ni msimu wake, na kikapu kimoja kinaburudisha nyumba nzima. Wazee na watoto wachanga wapate uji asubuhi, wa mtama au wa mahindi, kabla ya vyote.

Sasa turudi kwenye pesa, maana Mama Mweka Hazina anatutazama. Sisi wenyewe tumejiwekea kanuni tatu.

Kanuni ya kwanza, pesa ya sikukuu igawe mafungu matatu kabla hujagusa nyama. Mafungu mawili ni ya siku yenyewe, fungu moja ni la kesho yake. Mbaazi, choroko, mchele wa akiba na unga vinunuliwe mapema, kabla bei hazijapanda, viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Nazi nazo zinakaa.

Kanuni ya pili, mfuko wa sikukuu ni mbali na mfuko wa biashara. Kidogo kidogo kila wiki, kuanzia miezi sita nyuma. Msemo wa haba na haba hujaza kibaba hatukuuzua sisi, lakini kikundi hiki kimesimama juu yake. Na tusisahau kwamba Idi haina mwezi wake katika kalenda ya ukutani. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo kila mwaka Idi inawahi. Wakubwa mnakumbuka mwaka 2000: tulipata Idi el Fitri mara mbili, mwezi wa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na hiyo ya pili ikaangukia wiki moja na Krismasi. Nyumba zenye ndugu wa dini zote mbili zililisha wiki nzima, kisha Januari ikaingia na sare na madaftari ya shule. Anayengoja sikukuu ifike ndipo atafute pesa, ataikuta iko mlangoni.

Kanuni ya tatu, mgeni ashirikishwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatusemi umpe jembe siku ya Idi pili. Lakini wifi akikaa karibu na wewe akachambua mchicha huku mnaongea, hajadhalilika. Wengi wanataka kusaidia, wanasubiri kuambiwa. Mama mwenye nyumba naye anastahili kukaa mkekani, ale wakati wenziwe wanakula, wala asile ukoko peke yake jikoni saa kumi.

Kuhusu yule mwenzetu wa samaki, tulikwenda kwake, safari hii hatukwenda kudai. Tulikwenda kuomba radhi. Wale watano tuliokula tulichanga, karai likarudi motoni, na mkopo akaumaliza mwenyewe mpaka senti ya mwisho. Leo hii yeye ni mmoja wa washika funguo, na samaki mtakaowala mchana huu wamekaangwa naye. Idi iliyopita tulikwenda tena nyumbani kwake siku ya pili. Tulikuta mbaazi, mandazi ya kununuliwa, na yeye mwenyewe amekaa, amejifunga kanga mpya. Tulikula tukashiba. Na jioni ile tulijua mtaji wake uko salama.

Kwa hiyo, kina mama wenzetu, tukitimiza miaka 10 tunaomba jambo moja tu. Mnapokwenda kwa mwenzenu kesho ya sikukuu, msiende mikono mitupu. Nazi moja, sukari nusu kilo, fungu la mchicha. Na mkikuta mbaazi, sifieni mbaazi.

 Kina mama, hoyee!